Mwongozo kamili: sensa ya redio kwenye deli la samaki, ikae mwaka na zaidi kwa betri moja

Swali ni lile lile, naletewa na vijana wa Tanga mjini, wa Muheza mpaka wa Pangani: "kaka nimetengeneza sensa ya joto yenye LoRa (redio ya kufika mbali kwa umeme kidogo), inatuma freshi kabisa, ila betri inakata baada ya wiki mbili, ninunue betri kubwa zaidi?" Usinunue. Betri yako ni nzima na redio yako ni nzima, kinachokumaliza ni umeme unaoliwa muda ambao sensa haifanyi kitu chochote.

Fikiria hivi, sensa ikipima na kutuma kila dakika 10, kazi yenyewe haifiki hata robo ya sekunde, zilizobaki zote imelala. Kwahiyo ikilala vibaya basi hata ukiifungia betri la gari itakata tu siku moja mapema kuliko ulivyotegemea. Mwongozo huu wote unahusu kulala vizuri, alafu kupima kwa bei rahisi, alafu kuongea kidogo hewani.

Mfano wetu ni deli la barafu la mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Samaki mbichi anatakiwa akae karibu na nyuzi 0, isivuke 4, na mwenye mzigo anataka ajue joto la deli akiwa dukani Ngamiani bila kufungua mfuniko kila saa. Ukitaka kuitumia kwenye tanki la maji au banda la kukaushia mwani kule Mwambani, hatua ni zile zile, unabadilisha kipimio tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Arduino Pro Mini ya volti 3.3, MHz 8, yenye ATmega328P. Sio Uno, na sio Pro Mini ya volti 5.
- Moduli ya redio RFM95W (ndani yake kuna chipu ya SX1276), vipande viwili, kimoja cha kutuma kimoja cha kupokea. Nunua na vibodi vyake vya kugeuzia pini, maana pini za RFM95W zimekaribiana milimita 2, haziingii kwenye bodi ya kawaida ya matundu.
- Regyuleta MCP1700 ya volti 3.3 na kapasita mbili za maikrofaradi 1, moja kwenye kuingilia moja kwenye kutokea.
- Betri ya lithiamu 18650 yenye bodi ya ulinzi, tuseme miliampia-saa 2000.
- Thermista ya NTC ya kilo-omu 10, ile ya waya iliyozibwa maji isiingie.
- Resista ya kilo-omu 33, resista ya omu 100, kapasita ya nanofaradi 100, kapasita ya kauri ya maikrofaradi 10, na swichi ndogo.
- Multimita yenye renji ya milivolti 200.
- Pasi ya kuchomea, risasi, waya wa shaba wa antena, vanishi ya bodi, na boksi la plastiki.

Kuhusu betri nisisitize jambo moja. Zile 18650 zinazotolewa kwenye betri za laptopu mbovu nyingine zinajimaliza zenyewe zikiwa zimekaa kabatini. Ichaji mpaka ijae, pima volti, iache wiki mbili bila kuifunga popote, pima tena. Ikiwa imeshuka sana iweke pembeni, hiyo itakuharibia hesabu zote na utabaki unalaumu programu yako.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kwanza, pasi ije baadae

Watu wanaruka hii hatua na ndo maana wanafeli. Umeme wa betri unauhesabu kwa wastani, sio kwa kile kinachoonekana wakati redio inatuma.

Wakati wa kulala: ATmega ikiwa kwenye usingizi mzito na saa yake ya watchdog (ile ya kuiamsha) ikiwa macho inakula kama maikroampia 5, redio iliyolala 0.2, MCP1700 1.6, bodi ya ulinzi ya betri karibu 3. Jumla kama 10.

Wakati wa kupima: chipu ikiwa macho ni kama miliampia 4, kwa milisekunde 20 hivi kila baada ya sekunde 600. Ukigawanya unapata wastani wa maikroampia 0.13, yani hata haihesabiki.

Wakati wa kutuma: kwa nguvu ya dBm 17 redio inakula miliampia 87, weka na 4 za chipu unapata 91. Ujumbe wa baiti 4 kwa SF7 (SF ni namba ya LoRa, ikipanda ujumbe unafika mbali ila unakaa hewani muda mrefu) unakaa hewani milisekunde 31. Wastani wake kwa dakika 10 ni maikroampia 4.7.

Jumla kuu ni kama maikroampia 15, kwa mwaka mzima ni miliampia-saa 131 tu. Betri yako ina 2000! Itazeeka yenyewe kabla sensa haijaimaliza.

Sasa linganisha. Uno inakula kama miliampia 45 saa zote, betri ile ile inakata ndani ya siku mbili. Unaona kwanini kubadilisha betri hakusaidii.

Na kwanini volti 3.3 na sio 5? Ndani ya chipu kila transista ikigeuka inajaza na kumwaga kapasita ndogo, na nguvu inayopotea inafuata kapasita mara volti kipeo cha pili mara kasi ya saa. Ukishuka kutoka 5 kwenda 3.3 unabaki na asilimia 44 tu ya nguvu hata kama hujagusa kitu kingine. Faida ya pili, redio ya SX1276 mwisho wake ni volti 3.7, kwahiyo ukiipa 5 unaiua, na ukiipa betri ya lithiamu iliyojaa moja kwa moja, yani volti 4.2, napo unaihatarisha. Ndo kazi ya MCP1700 hapo.

Utajua umefaulu: una karatasi yenye namba tatu, za kulala, kupima na kutuma, na unajua ipi ni kubwa kuliko zote.

## Hatua ya 2: Ng'oa vinavyokula bure kwenye bodi

Pro Mini inakuja na taa ya LED inayowaka muda wote na regyuleta yake yenyewe. Toa vyote viwili. Taa peke yake inaweza kula miliampia nzima au zaidi, hiyo ni mara mia ya bajeti yote ya kulala. Ichome kwa pasi pande zote mbili kwa kupokezana haraka, itateleza yenyewe, usiing'oe kwa nguvu maana utaondoka na njia ya shaba.

Baada ya hapo umeme unaingilia kwenye pini ya VCC (ile ya volti 3.3) ukitokea MCP1700, sio kwenye RAW tena.

Onyo: MCP1700 mwisho wake ni volti 6 upande wa kuingilia. Usijaribu na adapta ya 9 au 12. Na wale wanaotumia AMS1117 kwasababu ipo kila duka, acheni jamani, ile inakula kama miliampia 5 hata kama mbele yake hakuna kitu.

Utajua umefaulu: ukipima VCC unapata 3.3, bodi haina taa yoyote inayowaka, na bado inapokea programu kutoka kwenye laptopu.

## Hatua ya 3: Funga redio na antena

Pini za redio zinakwenda kwenye Pro Mini hivi: NSS kwenye pini 10, MOSI 11, MISO 12, SCK 13, reset kwenye 9, DIO0 kwenye 2. Umeme 3.3, na pembeni kabisa ya redio weka kapasita ya maikrofaradi 10 ya kauri. Usiweke ile kubwa ya elektroliti ya 1000, zile zinavuja maikroampia kadhaa peke yake na wewe unahangaika kuokoa moja moja.

Antena ni robo ya wimbi. Kwa MHz 868 chukua 300 gawa kwa 868 gawa kwa 4, unapata mita 0.086, kwa hiyo kata waya sentimita 8.6 alafu unaweza kupunguza kidogo kidogo ukijaribu. Usome kwanza masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa yanayoruhusiwa bila leseni na nguvu ya mwisho, usichukue tu mfano wa video ya Marekani maana kule wanatumia 915.

Onyo: usitume hata ujumbe mmoja bila antena. Nguvu ikikosa pa kutokea inarudi kwenye chipu na inaweza kuiua kimya kimya, inabaki inapokea lakini inatuma mita kumi tu.

## Hatua ya 4: Kupima joto bila kuacha bomba wazi

Thermista na resista ya 33k zikikaa mfululizo kwenye volti 3.3 zinapitisha kama maikroampia 50 muda wote. Kwa mwaka ni miliampia-saa 438, mara tatu ya sensa yote! Kwahiyo usiifunge kwenye VCC. Ifunge hivi: pini 7, resista ya 33k, A0, thermista, ardhi. Kapasita ya nanofaradi 100 iwe kati ya A0 na ardhi. Pini 7 inawashwa wakati wa kupima tu.

Kwanini 33k na sio 10k kama mifano mingi? Kwasababu thermista ya 10k ni 10k kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 0 inapanda mpaka 32k na kitu, na mgawanyo wa volti kati ya resista na thermista unakuwa makini zaidi pale resista mbili zinapolingana. Ukiwa na 33k unapata karibu hatua 13 za ADC (sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba 0 mpaka 1023) kwa kila nyuzi moja, ukiwa na 10k unapata 9. Deli letu linaishi karibu na 0, basi tulipimie hapo.

Kwanini ile kapasita? ADC ya ATmega inapenda chanzo kisichozidi kilo-omu 10, sisi tuna 16.5, kwahiyo kapasita inakaa kama akiba ya kujaza kapasita ndogo iliyoko ndani ya chipu wakati wa kuchukua sampuli. Ila inahitaji muda wa kujaa: 16.5k mara nanofaradi 100 ni milisekunde 1.65, na unatakiwa usubiri kama mara nane au tisa yake. Milisekunde 15 zinatosha, na hizo 15 chipu ilale vilevile, usitumie delay, maana delay inaiacha macho inakula miliampia 4 ikisubiri tu.

Referensi ya ADC, yani volti inayolinganishia, iache ile ya kawaida, AVCC, ambayo ni umeme wa chipu yenyewe. Mgawanyo na referensi vikitokea sehemu moja, volti ikishuka kidogo vyote vinashuka pamoja na jibu halibadiliki.

Soma mara 16, jumlisha kisha gawa kwa 16. Kila usomaji kwa saa ya ADC ya kHz 125 ni maikrosekunde 104, zote 16 hazifiki milisekunde 2, na ujumbe mmoja wa redio unagharimu mamia ya mara zaidi ya hapo. Usomaji wa kwanza kabisa baada ya kuiwasha ADC utupe.

Resista ya thermista ni 33000 mara kodi gawa kwa (1023 toa kodi), kodi ikiwa ni namba iliyosomwa na ADC. Kutoka hapo tumia fomula ya beta, ile inayogeuza resista kuwa joto, namba ya beta ipo kwenye karatasi ya thermista yako, mara nyingi 3950.

Utajua umefaulu: saga barafu ya maji baridi, sio ya chumvi, changanya na maji kidogo kwenye kikombe, koroga, zamisha kipimio dakika tano. Inatakiwa isome 0, ikizidi au kupungua nusu nyuzi sio mbaya, ongeza tofauti hiyo kwenye programu. Barafu pale Deep Sea haikosekani, kwahiyo hakuna sababu ya kuruka kipimo hiki.

## Hatua ya 5: Kulala, hapa ndo penye kazi yenyewe

Mpangilio wa programu uwe huu, usibadilishe mfuatano:

1. Amka. Redio bado imelala.
2. Washa pini 7, lala milisekunde 15.
3. Washa ADC, soma, zima ADC, zima pini 7.
4. Linganisha na joto ulilotuma mwisho. Kama limebadilika zaidi ya nusu nyuzi au saa moja imepita, tuma. Kama sivyo rudi kulala bila kutuma.
5. Ukituma, subiri imalize kabisa, kisha toa amri ya LoRa.sleep.
6. Lala sekunde 8 mara 75, hizo ni dakika 10.

Kwenye maktaba ya Low-Power amri ni powerDown, unaichagulia SLEEP_8S, ADC_OFF na BOD_OFF (BOD ni ulinzi unaoiwasha chipu upya volti ikishuka sana). Hizo mbili za mwisho ni muhimu kupita watu wanavyodhani. ADC iliyoachwa wazi inakula maikroampia 200 hivi hata chipu ikiwa imelala, na BOD kama 20.

Kosa linaloongoza kuliko yote ni hatua namba 5. Redio ikimaliza kutuma hairudi kulala, inarudi kusimama tayari, na ikisimama inakula miliampia 1.6. Kila kitu kinaonekana sawa, ujumbe unafika, mita ya kawaida huoni tofauti, kumbe betri inakwenda. Na usiiache isikilize majibu, kusikiliza ni kama miliampia 11. Mpokeaji wa dukani ndo asikilize, yeye yupo kwenye umeme wa ukutani.

Pini ambazo hujazitumia ziweke INPUT_PULLUP. Pini inayoelea inashika mawimbi ya hewani, transista za kuingilia zinakaa nusu wazi nusu imefungwa, na umeme unapita katikati yake bila faida.

### Namna ya kupima usingizi bila kudanganywa na mita

Ukiweka multimita kwenye renji ya maikroampia kisha redio ikatuma, mita inazuia umeme, chipu inajizima na kuwaka upya, inatuma tena, inajizima tena, na wewe unaona namba zinacheza tu. Fuse ya mita nayo inaweza kuondoka.

Fanya hivi badala yake. Betri iwe imejaa. Kati ya betri na MCP1700 weka resista ya omu 100, na sambamba nayo swichi. Funga swichi, washa sensa, subiri itume ujumbe wake wa kwanza. Ikishalala fungua swichi, pima milivolti juu ya resista. Kila milivolti 0.1 ni maikroampia 1. Funga tena swichi kabla dakika 10 hazijaisha maana ikitaka kutuma na swichi iko wazi umeme hautapita wa kutosha.

Utajua umefaulu: unasoma kati ya milivolti 0.6 na 1.0. Ukiona 2 au 3 kuna BOD au pini inayoelea. Ukiona 20 ni ADC. Ukiona 160, redio haijalala. Usiende hatua inayofuata mpaka namba hii iwe sawa, hata kama itakuchukua jioni nzima.

## Hatua ya 6: Ongea kidogo hewani

Usitume maandishi. "Joto la deli ni nyuzi 3.25" ni baiti 26, kwa SF7 ni kama milisekunde 62 hewani. Tuma baiti 4: moja ya namba ya deli, mbili za joto mara 100, moja ya volti ya chipu, milivolti gawa kwa 20. Hapo ni 31.

Volti ya chipu unaipata bila waya wowote wa ziada, unaisoma referensi ya ndani ya volti 1.1 ukilinganisha na AVCC kisha unageuza hesabu. Itakaa 3.3 miezi na miezi, siku ikianza kuteremka kuelekea 3.1 basi chaji betri.

Sasa SF. Wengi wanaweka 12 kwasababu wamesikia inafika mbali, ni kweli inafika, ila ujumbe ule ule wa baiti 4 unakaa hewani milisekunde 827 badala ya 31, mara 27. Wastani wa sensa unatoka 15 unaenda kama 135, miliampia-saa 1,180 kwa mwaka. Kwa maoni yangu, kabla hujapandisha SF pandisha antena. Itoe antena ya mpokeaji ndani ya duka, iweke juu ya paa ikiwa wima, na hakikisha ya deli pia iko wima. Mabati ya Ngamiani yanaziba sana kuliko umbali wenyewe. Ikishindikana ndo panda SF8, jaribu, SF9, jaribu. Na washa CRC (ukaguzi wa ujumbe ulioharibika njiani) pande zote mbili, la sivyo utapokea namba za ajabu siku za makelele.

## Hatua ya 7: Kinga ya chumvi

Hii haipo kwenye miongozo ya watu wa bara. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, hasa masika, na chumvi yenye unyevu juu ya bodi ni resista. Njia moja tu ya mega-omu 1 kati ya volti 3.3 na ardhi inavujisha maikroampia 3.3, karibu theluthi mbili ya usingizi wote wa chipu, na zikiwa njia kumi umeshaharibu kila ulichofanya hatua ya 5.

Osha mabaki ya fluksi kwa spiriti na mswaki, acha ikauke kabisa juani, kisha paka vanishi tabaka mbili pande zote, ukiacha antena na sehemu ya betri. Boksi liwe la plastiki, likae nje ya deli juu ya mfuniko, waya wa thermista peke yake ndo uingie ndani. Tundu la waya liwe upande wa chini ili maji yasifuate waya kuingia.

## Ikikata mapema, angalia imekaa siku ngapi

Kwa betri ya 2000 siku zenyewe zinakuambia kosa liko wapi:

- Siku mbili: umetumia Uno.
- Wiki mbili mpaka tatu: chipu hailali kabisa, au AMS1117 ipo mahali, pengine kwenye kibodi cha redio ulichonunua kikiwa na regyuleta yake.
- Mwezi mmoja na nusu mpaka miwili: redio inasimama tayari badala ya kulala.
- Kama mwaka hivi: ADC haizimwi.
- Ilikuwa nzuri miezi kadhaa alafu ghafla ikaanza kushuka haraka: chumvi imeingia, fungua uoshe.

Na kama betri ni nzima ila deli limejaa barafu na sensa inasema nyuzi 12, maji yameingia kwenye kipimio. Maji ya chumvi yanapitisha umeme pembeni ya thermista, resista inaonekana ndogo, na programu inaelewa ni joto. Badilisha kipimio, na kipya uzibe tena shingo yake kwa silikoni kabla hujakirudisha kwenye barafu.